Jirani wa Kiwanda Hakusaini Popote

Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote kubwa ya madini, mafuta au mashamba inayofanya kazi Afrika Mashariki. Ruka kurasa za hesabu, utafika kwenye picha ya watoto wa shule wamesimama mbele ya kisima kipya. Karibu na picha hiyo, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, utaambiwa kwamba kampuni ina mkataba na jamii inayoizunguka. Siku hizi usemi huu umetoka kwenye ripoti ukaenea kila mahali. Mkuu wa wilaya anausema akizindua zahanati. Mhadhiri wa biashara anaufundisha darasani. Hata mwanaharakati anayeipinga kampuni hiyohiyo anailaumu kwa kuvunja mkataba wake na wananchi. Hawa watatu hawapatani kwa lolote, ila wote wanaamini kwamba wajibu wa kampuni ya kigeni kwa watu inaowakuta unatokana na mapatano ya pande mbili, hata kama mapatano hayo hayakuandikwa popote.

Dai hilo si kweli. Lingekuwa kosa la vitabuni tu ningelinyamazia, lakini linawaumiza walewale linaodai kuwalinda.

Nianze kwa kulitendea haki, maana lina ukoo mrefu na halikuzuliwa na wajinga. Wanafalsafa Hobbes mwaka 1651, Locke mwaka 1689, Rousseau mwaka 1762, kila mmoja alitaka kueleza kwa nini mtu aliyezaliwa huru aitii serikali, na kila mmoja kwa njia yake alijibu kwamba watu walikubaliana. (Locke huyu, mtetezi mkubwa wa ridhaa, alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Hakuna mtumwa aliyeulizwa ridhaa yake. Tuyaache hayo, yana siku yake.) Aliyelihamishia wazo hili kwenye biashara ni Mmarekani Thomas Donaldson, mwaka 1982, katika kitabu Corporations and Morality. Aliuliza kwa nini jamii iipe kampuni uhai wa kisheria, ardhi na wafanyakazi, akajibu kwamba inafanya hivyo kwa sharti kuwa manufaa yazidi madhara. Mwaka 1989 akalivusha wazo lake mipaka ya nchi katika The Ethics of International Business, na humo akaorodhesha haki 10 ambazo kampuni haina ruhusa ya kuzikiuka popote duniani. Kisha akashirikiana na Thomas Dunfee, na kazi yao ikakamilika mwaka 1999 katika Ties That Bind, kitabu ambacho hadi leo kina nafasi ya heshima katika mafunzo ya maadili ya biashara.

Nadharia yao ina ghorofa mbili. Juu kuna kanuni kuu zinazomfunga kila mtu, awe Toronto au Kahama. Chini kuna uwanja huru, ambamo kila jamii inajiwekea desturi zake kuhusu zawadi, kuajiri ndugu, kupatana bei na mengineyo. Desturi huhesabika kuwa halali pale wengi wa wanajamii wanapoikubali, na wasioikubali wakawa na nafasi ya kusema na nafasi ya kuondoka. Nakiri kwamba hii ni kazi ya akili. Meneja mgeni alikuwa amebaki na njia mbili mbovu. Ama afuate ule msemo wetu wa ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho, ama abebe sheria za kwao kama begi la safari na kuzitua kila anapofika. Wanazuoni hawa walimpa njia ya tatu, na ndiyo maana ilipendwa.

Shida ni ile ridhaa. David Hume aliiona mapema, mwaka 1748. Alisema mtu aliyebebwa usingizini akapakiwa melini hawezi kuambiwa kwamba ameikubali amri ya nahodha, eti kwa sababu hajajitupa baharini. Kijiji kinachoamka na kukuta magari ya utafiti wa madini yameshapiga kambi kiko melini tayari. Kukaa kwake si kukubali. Hakina pa kwenda.

Na sisi hatukuhitaji Hume atufundishe. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za watawala kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya ulinzi juu ya maeneo hayo, na aliyepewa hati hiyo alikuwa Peters na wenzake wa kampuni, si gavana wala jeshi. Watanzania mpaka leo wakichukizwa na mkataba humtaja Mangungo wa Msovero, mmoja wa watawala hao. Mwaka 2023, kwenye mjadala wa mkataba wa bandari na kampuni ya DP World, jina lake lilirudi midomoni mwa watu upya. Mzee wa watu hubebeshwa lawama peke yake, kana kwamba aliuza nchi kwa tamaa ya zawadi. Hilo si haki kwake. Karatasi ile ilikuwa na kazi iliyopangwa Ulaya kabla Peters hajatia mguu Bara. Ilitakiwa kuonyeshwa kwa Wazungu wengine waliokuwa wakishindania Afrika, ili waamini kwamba wenyeji wameridhia. Msomaji wake halisi hakuwa Mangungo, na hata angeijua vizuri lugha ya Kijerumani bado isingekuwa karatasi yake.

Hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu. Ridhaa inayodaiwa kwa niaba ya wanyonge karibu kila mara huandaliwa kwa ajili ya mtu wa tatu. Leo mtu huyo ni benki inayokopesha mradi, ni mwenye hisa wa London, ni mkaguzi anayetaka kuweka alama ya vema kwenye fomu.

Watetezi wa nadharia watanijibu kwamba nimewaelewa vibaya. Watasema hawazungumzii mkataba wa kweli. Wao wanauliza tu: watu wenye akili timamu, wakiketi kupatana kwa haki, wangekubali nini? Sawa. Tuseme wangekataa kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kijengwe mita chache kutoka nyumba zao. Wangekataa kwa nini? Kwa sababu risasi huharibu ubongo wa mtoto. Basi sababu hiyo imetosha. Ndiyo iliyofanya kazi yote, na ule mkataba wa kufikirika umekuja baadaye kuchukua sifa. Kwa mwanafalsafa aliyeketi ofisini kwake Pennsylvania pambo hilo halina hasara. Huku kwetu lina gharama, kwa sababu ukishamzoesha mtu wa ofisi kwamba wajibu wake unatokana na ridhaa, jambo la kwanza atakalofanya ni kwenda kuitafuta hiyo ridhaa kwenye karatasi.

Anayevijua vijiji vyetu anaijua karatasi hiyo. Ni kurasa za kaunta buku zilizopigwa mistari kwa rula: namba, jina, sahihi. Anayejua kuandika ameandika. Asiyejua ameweka dole gumba, na wino wa bluu umetambaa hadi kwenye mstari wa jirani yake. Chini kuna muhuri wa mtendaji wa kijiji. Majina huchukuliwa mkutano unapoanza, kabla mgeni hajasimama kusema alichojia, kwa kuwa mahudhurio huchukuliwa hivyo siku zote. Baadaye orodha inaambatanishwa na muhtasari, muhtasari unakwenda wilayani, na ukifika kule juu waliohudhuria wanasomwa kuwa ni waliokubali. Pengine hakuna aliyeghushi chochote. Karatasi imepanda ngazi tu.

Wilaya ya Kisarawe, Tanzania, inaonyesha mwisho wa safari hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99 ili ilime mibono ya kukamulia mafuta ya mitambo. Kwa sheria zetu za ardhi za mwaka 1999, mgeni hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Kijiji huridhia kwanza, kisha ardhi huhamishwa kuwa ardhi ya jumla, ndipo mwekezaji hupewa haki ya kuitumia. Kumbuka hatua ile ya katikati. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka kifedha na shamba likapita mikononi mwa mwekezaji mwingine. Ardhi haikurudi kwa wanavijiji, kwa sababu kisheria haikuwa tena yao. Donaldson na Dunfee wameiweka nafasi ya kuondoka kuwa kipimo cha ridhaa ya kweli. Haya, hapa kuna upande mmoja ulioondoka bila shida yoyote, na upande mwingine ulioondokewa na ardhi huku wenyewe wakibaki palepale.

Neno jingine linalopita bila kukaguliwa ni jamii. Mkataba unahitaji pande mbili, na upande wa kampuni unajulikana: una bodi, una wakili, una muhuri. Upande wa pili ni nani? Tuangalie Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini pembezoni mwa Mombasa. Katikati ya miaka ya 2000 kilijengwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi ya kuuza nje. Kilikuwa na leseni ya EPZ, yaani ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje. Wakazi walifika getini kutafuta kazi, na wengine walipata. Ukikipima kiwanda hicho kwa kipimo cha ridhaa ya wengi, siku ile kingefaulu. Mwekezaji alikubali, mamlaka ilikubali, vibarua walikubali, na duka la karibu liliuza chapati nyingi zaidi saa ya mapumziko.

Mtoto mchanga wa Phyllis Omido, mama aliyeajiriwa kiwandani humo, hakukubali kitu. Aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu yake, naye alikuwa bado ananyonya. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kuwauliza majirani kuhusu watoto wao, na kilichofuata kinajulikana: kukamatwa, kutishwa, kiwanda kufungwa mwaka 2014, yeye kupewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa tuzo hiyo ya fedha, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Waliobebeshwa mzigo huo ni kampuni pamoja na mashirika ya serikali yaliyotakiwa kulinda na hayakulinda.

Mambo waliyoulizana majaji katika kesi ile hayakuwa kama wakazi walisaini mahali, wala kama jamii iliridhia, wala desturi ya mtaa ule inasemaje kuhusu moshi. Waliuliza kama kulikuwa na sumu, ilitoka wapi, na nani aliyekuwa na wajibu wa kuizuia. Kwa majibu ya maswali hayo, mtoto asiyejua kusema ana haki sawa na mzee wa mtaa.

Najua nitakaloambiwa hapa: haki ya mazingira safi imo katika ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya, na katiba ndiyo mkataba wa jamii wenyewe. Hii ni mbinu ya kukamata kila kitu kizuri na kukibandika jina la mkataba. Katiba ile ilipigiwa kura Agosti 2010, imechapishwa, ina ibara zenye namba na mahakama zenye milango. Inamlinda aliyeipigia kura ya hapana. Inamlinda ambaye hakuwa amezaliwa. Mkataba gani huo unaomfunga na kumlinda asiyekuwepo? Hiyo ni sheria, tuiite sheria.

Sheria yenyewe iliwahi kukwama kwenye mtego huuhuu wa mkataba, ikajinasua. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley nchini Uskoti, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi katika chupa isiyopitisha mwanga. Alipomiminiwa sehemu iliyobaki akaona kile alichodai kuwa ni konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mwenye duka, kwani hakulipa yeye. Na mtengenezaji wala hakumjua. Kwa fikra ya mkataba alikuwa amekwisha. Mwaka 1932 mabwana wa sheria wa Bunge la Uingereza wakaamua, kwa kura tatu dhidi ya mbili, kwamba mtengenezaji anaweza kuwajibika hata hivyo, na Lord Atkin akaeleza kwamba jirani yako kisheria ni yule ambaye kitendo chako kitamgusa karibu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla hujatenda. Kanuni hiyo imerithiwa na mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania. Watu wa pwani hawakuisubiri. Anayechimba choo karibu na kisima cha mwenzake haulizwi waliandikishana wapi.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyowafikisha London watu 1,826 wa Chingola, Zambia, waliodai kwamba mgodi wa shaba wa Nchanga, wa kampuni ya Konkola Copper Mines, ulitia sumu maji wanayotegemea kwa kunywa, kuvua na kumwagilia. Kampuni mama, Vedanta, ilipinga kushtakiwa Uingereza. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa pingamizi hilo. Na kati ya vitu ilivyoviangalia ni machapisho ya Vedanta yenyewe, ambamo ilijisifu kwamba inasimamia viwango vya mazingira kwenye migodi yake yote. Zile ripoti zenye picha za visima! Majaji walizisoma kama ushahidi kwamba mwenye kutamba kuwa anasimamia asikane usimamizi wake madhara yanapotokea. Mwaka 2021 pande hizo zilimalizana nje ya mahakama.

Kuna swali moja la watetezi ambalo siwezi kulipita haraka. Wanasema: ukiondoa mkataba, unamwondolea mwenyeji sauti. Utamfanya mtu wa kuhurumiwa, anayengoja jaji wa London aamue kama ameumia, badala ya mtu anayekaa mezani na kupatana. Hoja hii ina uzito, na nadhani ndiyo inayowavuta wanaharakati wetu wengi kwenye lugha ya mkataba. Lakini ikichukuliwa kwa dhati inadai mkataba wa kweli, na mkataba wa kweli ni kitu kigumu sana kwa kampuni. Tazama viwanda vya nguo vya Bangladesh na Pakistani. Kwa miaka mingi kampuni kubwa za nguo zilikuwa na maadili yaliyochapishwa vizuri na wakaguzi wa kukodi. Nchini Pakistani, kiwanda cha Ali Enterprises, Karachi, kilipewa cheti cha kimataifa cha hali bora za kazi wiki chache kabla ya kuungua Septemba 2012 na kuua watu zaidi ya 250. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka likaporomoka, likaua watu 1,134. Ndipo vyama vya wafanyakazi vikapata nguvu ya kudai karatasi ya aina nyingine: mapatano ya Mei 2013 yaliyosainiwa na kampuni kwa upande mmoja na vyama kwa upande wa pili, yenye wakaguzi huru, yenye wajibu wa kampuni kuhakikisha fedha za ukarabati zinapatikana, na yenye kifungu cha usuluhishi. Vyama vilikitumia kifungu hicho, vikapeleka mashauri The Hague, na Januari 2018 kampuni moja ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 2 ili kumaliza shauri lake. Mkataba wa namna hiyo naukubali kwa mikono miwili. Una majina, una tarehe, una mahali pa kushtakia. Na angalia kwamba haukuundwa na nadharia ya ridhaa ya kimyakimya. Uliundwa na watu waliokataa kuhesabiwa kuwa wamekwisha kuridhia.

Upande wetu wa serikali nao una toleo lake la kosa hili, na si dogo. Mwaka 2017 Tanzania ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini, yasisafirishwe, ikatunga sheria inayoruhusu kujadiliwa upya kwa masharti hasi kwenye mikataba ya maliasili, na mwishowe ikapata hisa asilimia 16 katika migodi ya Barrick kupitia kampuni ya Twiga. Nilishangilia kama wengine. Ila mshangilio ule ulikuwa wa mkataba kati ya taifa na kampuni, na taifa, kama ile jamii ya vitabuni, ni mkubwa mno kuweza kukohoa vumbi. Wakazi wa karibu na North Mara, mmoja wa migodi hiyo, waliodai kwamba ndugu zao waliuawa kwa kupigwa risasi na polisi waliokuwa wakilinda mgodi walikwenda kufungua kesi London, ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Asilimia 16 inapoingia hazina, serikali inakuwa mshirika wa kibiashara wa yule anayelalamikiwa na raia wake. Nani sasa anasaini kwa niaba ya nani?

Kwa hiyo nguvu zetu zielekee kwingine. Ufaransa ilitunga mwaka 2017 sheria inayozitaka kampuni zake kubwa kubaini hatari zinazotokana na kazi zao na za matawi yao popote duniani, kuzizuia, na kujibu mahakamani zisipofanya hivyo. Haimtaki mtu wa mbali aonyeshe saini. Juni 2023 raia 26 wa Uganda, pamoja na mashirika ya Uganda na ya Ufaransa, waliishtaki TotalEnergies mjini Paris kwa sheria hiyo, wakidai fidia kwa madhara ya miradi ya uchimbaji mafuta wa Tilenga na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Shauri lililotangulia lilikuwa limekwama kwa sababu za utaratibu Februari mwaka huohuo. Sheria yenyewe ina tobo kubwa: mzigo wa ushahidi umeachwa kwa mlalamikaji. Mtu wa Buliisa, huko Uganda, anatakiwa athibitishe mbele ya majaji wa Paris mambo ambayo nyaraka zake zimo kwenye makabati ya kampuni anayoishtaki. Wasomi wetu wa maadili ya biashara wangeweza kusaidia sana hapo, kwa kujenga hoja ya kwa nini mwenye nyaraka ndiye atakiwe kuthibitisha kwamba hakudhuru. Badala yake bado tunawasikia kwenye makongamano wakijadili ni lini hasa kijiji kisichosema kitu kinakuwa kimekubali.